Bwawa la Baridi

Mteremkoni pale upepo ulikuwa na zamu, kama walinzi wa ghala. Asubuhi, jua likishapasha mawe moto, upepo ulikwea kutoka bondeni kwenda mlimani. Jioni, jua likishajificha, uligeuka ukateremka, wa baridi, taratibu, ukishika njia zilezile ambazo maji ya mvua huzishika. Kati ya zamu hizo mbili palikuwa na nafasi fupi, ya kuchemsha birika moja la chai, ambapo hapakuwa na upepo wa kupanda wala wa kushuka. Majani yalitulia kama yaliyokatazwa kusema.

Nafasi hiyo ilikuwa ya Timazi. Mwashi huyu aliitwa hivyo kwa sababu ya ile risasi yenye ncha, ifungwayo kwenye uzi, ambayo mafundi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Ya kwake haikutoka mfukoni hata kwenye harusi. Na hakuiamini saa nyingine yoyote isipokuwa ile ambayo upepo unabadilishana zamu. "Uzi ukicheza, ukuta utadanganya," aliwaambia vibarua wake, nao wakamcheka huku wakingoja, maana ni fundi gani anayepanga kazi kwa upepo? Lakini kuta zake zilisimama, na za waliomcheka zilipasuka.

Sasa alikuwa mzee na hakuwa na ukuta wa kupima. Kila jioni nafasi ile ilipofika alitoa timazi yake, akaining'iniza kwenye boriti ya mlango wa jikoni, akakaa kwenye kigoda kuitazama ilivyotulia. Ilipoanza kutikisika alijua zamu ya kushuka imeingia. Aliukunja uzi, akaingia ndani kuwasha moto wa mtu mmoja.

Moto huo haukuwa wa mtu mmoja tangu mwanzo. Alikuwa na mke. Na hatua kama mia mbili chini ya nyumba yao aliishi mdogo wake wa kike, mwoka mikate. Tanuri la dada huyo liliwashwa alfajiri, na upepo wa asubuhi ulipoanza kupanda, harufu ya mkate ilikuja nao mpaka kitandani kwa Timazi bila kupiga hodi. Jioni ikawa zamu ya nyumba ya juu: moshi wa jikoni ulilala chini, ukateremka na baridi mpaka mlangoni kwa dada. Nyumba mbili zikajuana kwa pua. Sauti ilipanda kutoka chini:

"Wifi! Leo umeyaunguza maharage!"

"Umenusa tu, hujaonja! Lete mkate wako uje uonje!"

"Nije mara ngapi? Kaka atasema nimehamia!"

"Alishasema zamani! Njoo!"

Na alikuja, mkate chini ya kwapa, akicheka kabla hajafika.

Kisha mke akaanza kukohoa. Alikohoa mwaka wa kwanza, watu wakasema mafua. Alikohoa wa pili, wakaacha kusema. Siku alipokuwa bado na nguvu za kushika jembe alipanda mitufaha mitano upande wa chini wa nyumba, akaifungia vijiti isipinde. "Tunda la kwanza ni langu," alisema, akimnyooshea mumewe kidole chenye udongo. "Ole wake mtu atakayenitangulia." Alikufa miti ikiwa imemfika mabegani, haijawahi kutoa hata ua moja.

Siku ya tatu baada ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, dada alibaki jikoni akisugua masufuria. Kuta zile zilikuwa nyeusi kwa masizi tangu sakafuni mpaka paani. Alijifuta macho kwa kiwiko, akazitazama, kisha akasema bila kupaza sauti:

"Bonde zima umelijengea dohani za kutolea moshi, kaka. Jiko la mkeo hukulitoboa hata tundu la kupitishia kidole."

"Unasema mimi nimemuua?"

"Nasema ninachokiona."

"Toka nyumbani kwangu."

Dada aliweka sufuria chini, akakausha mikono, akatoka.

Mtu mwingine angetukana, au angelewa. Timazi alikuwa mwashi, na mwashi akikasirika hasira yake huwa na vipimo. Kesho yake alianza kuchonga mawe. Kwa wiki tisa alijenga, peke yake, ukuta uliokata mteremko tangu kwenye jabali la upande huu mpaka kwenye korongo la upande ule, chini ya mitufaha, juu ya nyumba ya dada. Ulimfika kifuani. Hakuacha mlango. Alijaza saruji kila kiungo, akakipitishia kidole kuhakikisha, hata mjusi asipate pa kupenya. Walioulizia aliwajibu neno moja, "Mbuzi," na katika bonde lile mbuzi wa karibu alikuwa mwendo wa nusu siku.

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Harufu ya mkate haikukoma. Upepo wa asubuhi wenye joto uliruka ukuta kama mtoto aliyechelewa shule, ukamkuta Timazi kitandani amegeukia ukutani, macho wazi. Alikula viazi. Siku nyingine hakusema neno mpaka jua likazama, na alipokuja kusema, kwa sufuria au kwa mlango uliobana, alishtushwa na sauti yake mwenyewe.

Mitufaha ilikua. Mwaka wa kwanza ilichanua maua meupe yenye wekundu kidogo pembeni, naye akasimama katikati yake kofia mkononi. Baada ya siku sita aliamka akakuta jalidi, ule umande ulioganda ukawa kama chumvi ya mawe juu ya majani. Kufikia saa sita mchana maua yote yalikuwa yamegeuka rangi ya chai iliyolala. Mwaka wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo, na mti mmoja ukakauka kabisa.

Sasa ulikuwa mwaka wa nne. Machipukizi yalikuwa yamevimba, na usiku anga lilikuwa safi, nyota nyingi, dalili ya baridi kali.

"Yatakufa tena?" aliuliza muuza maziwa, akimimina kutoka kwenye dumu lake. Watu walimwita Redio, kwa kuwa alianza na habari akamaliza na matangazo.

"Sijui."

"Huko njiani wanasema ni marehemu. Hataki mtu amtangulie kula tunda."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ni lita au nusu?"

"Nusu. Kama kawaida."

"Mwite bibi shamba, mzee. Yule binti mgeni. Ana viatu vya mpira mpaka magotini, anatembea kama anakanyaga nyoka, lakini kichwa anacho."

Bibi shamba alikuja kesho yake alasiri, baiskeli ameisukuma mlima wote, jasho linamtiririka. Alivunja kijiti cha mti uliokauka, akakinusa. Alichimba kidogo penye mizizi. Alitazama juu mlimani, akatazama chini, halafu akautazama ukuta kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama miti.

"Mzee, una majani mabichi ya kuchoma?"

"Ya kuchoma yaliyo mabichi?"

"Nataka moshi, sitaki moto. Na tungoje jioni."

Wakangoja. Nafasi ya utulivu ilipofika Timazi aliining'iniza timazi yake kama kawaida, ila safari hii palikuwa na mtu wa pili kwenye kigoda cha pili, ambacho ilibidi kwanza akipanguse vumbi.

"Hiyo ya nini?" aliuliza binti.

"Ya kungojea."

"Unangoja nini?"

Kwa bahati ile risasi ikaanza kutikisika, ikivutwa kidogo upande wa bondeni. "Hiki hapa," akasema.

Binti aliwasha rundo la majani nyuma ya nyumba. Moshi ukatoka mzito, mweupe, na badala ya kupaa ukalala. Ukajikokota juu ya nyasi kwenda chini, ukaipita miti shinani, ukafika kwenye ukuta. Hapo ukasimama. Timazi aliona kwa macho yake ukianza kujaa. Ulipanda polepole, ukatapakaa kulia na kushoto, ukarudi nyuma kwenye miti, ukafunika vigogo, kisha matawi ya chini, kisha machipukizi. Miti minne mizima na mmoja mfu ilisimama ndani ya moshi kama watu waliozama mpaka shingoni.

"Hewa ya baridi ni nzito, mzee," alisema bibi shamba. "Usiku inateremka mlimani kama maji. Zamani ilikuwa inapita hapa inakwenda zake. Wewe umeizibia. Hukujenga ukuta, umejenga bwawa. Bwawa la baridi, na miti yako iko ndani yake."

"Nilijenga vizuri," alisema Timazi, kama anayejitetea.

"Ndiyo taabu yenyewe! Laiti ungekuwa fundi mbovu! Ukuta wenye matundu ungepitisha baridi, na leo tungekuwa tunakula matufaha."

Kicheko kilimtoka Timazi ghafla, kikavu, mfano wa kikohozi. Kisha kikakatika.

Binti akanyoosha kidole pale ambapo moshi ulikuwa mzito kuliko kwingine. "Sehemu ya chini kabisa ni ile. Toboa upana wa mlango, mpaka kwenye msingi. Maua yatafunguka wiki hii, na anga hili silipendi. Fanya kesho. Ila pale chini naona nyumba na bustani. Baridi hii yote itawamwagikia wao. Kaongee nao kwanza, ni haki yao. Ni majirani wabaya?"

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

"Ah, basi rahisi."

Timazi aliutazama moshi.

Asubuhi alimsikia Redio akipanda njia ya korongoni na dumu lake. Alimngoja mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Pale chini," alisema Timazi, "ana bustani?"

Redio alimtazama kama aliyesikia jiwe likiongea. "Kwa dada yako? Mboga za majani kila mahali, mzee. Tangu ule mwaka haziungui na baridi. Kwani hukujenga kwa ajili hiyo?"

"Kwa ajili ipi?"

"Si ndivyo anavyotuambia? Kila anayenunua mkate lazima aonyeshwe ukuta. 'Kaka yangu huyo. Kafiwa na mke, machozi hayajakauka, akakumbuka kunikinga na baridi.' Mimi mwenyewe nimeisikia mara ishirini. Nusu?"

Timazi alishika jagi mikono miwili. Maziwa yakamwagika kidogo kwenye kidole gumba, wala hakuyafuta.

Aliteremka alasiri kwa njia ya korongoni, akizunguka ukuta wake mwenyewe. Hakuwahi kuuona kutoka upande huu. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri na umefungwa kama uso wa mtu asiyekusalimia. Chini yake matuta ya mboga yalikuwa ya kijani, manene, mistari imenyooka.

Mlango wa jiko la mkate ulikuwa wazi. Ndani, dada alikuwa akikwangua unga uliogandia kwenye ubao wa kukandia.

"Hodi."

Kikwanguo kikasimama. "Karibu. Kama ni wewe."

"Ni mimi."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Alisimama kizingitini. "Umeota mvi."

"Huu ni unga." Aligusa nywele zake, akatazama vidole. "Mwingine ni unga. Kaa."

Hakukaa. Alimweleza habari yote kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamwangusha: moshi, bwawa, maua, tundu la upana wa mlango. "Nikitoboa, baridi itakushukia wewe. Mboga zako zitaungua."

"Kwa hiyo umekuja kuomba ruhusa ya kubomoa ukuta wako."

"Ndiyo."

"Ya kuujenga hukuiomba."

Tanuri lilitoa mlio mdogo, matofali yakipoa.

"Kwa nini unawaambia watu nilikujengea wewe?" aliuliza Timazi.

"Ulitaka niwaambie nini? Kwamba kaka yangu kapanga mawe wiki tisa ili asinione sura? Wangemcheka nani pale? Wote wawili. Na ule mwaka wa kwanza, mboga zilipopona, nikasema haya, hata akichukia, mkono wake hauachi kusaidia watu." Alikwangua tena, kwa nguvu, mahali palipokwisha kuwa safi. "Wenzako hujenga ukuta kwa sababu hawakuziba ufa. Wewe ukuta ulianza nao, ufa tumebaki nao mpaka leo."

"Ulisema nimemuua."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema."

"Nilisema jiko halina dohani. Na mimi nilipanda kwako miaka yote ile, nikakaa jikoni mle, macho yananitoka machozi, nikacheka na wifi, nikala, nikashuka. Sikusema siku moja, 'Kaka, mjengee dohani.' Siku moja tu! Nikangoja mpaka amezikwa ndipo mdomo ukafunguka. Unafikiri nilikuwa namsema nani?"

Timazi aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Mawe hayakuniudhi," dada aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Asubuhi najua mkate wangu unakufikia. Upepo wa asubuhi haukatazwi. Lakini jioni natoka hapa nje, nanusa. Hakuna. Miaka mitatu sijui kama umewasha moto, au umelala na njaa, au umeanguka. Namngoja Redio. Akisema amekuachia nusu lita, nasema basi, yu hai."

Nje, majani yalikuwa yametulia. Ilikuwa nafasi ile ile, na Timazi hakuwa mlangoni kwake.

"Toboa," alisema dada. "Magunia ninayo, nitafunika nitakachoweza. Kilichobaki kikiungua, mbegu zipo. Mbegu za wifi hazipo kwingine." Akauzungushia mkate karatasi, akausukuma mezani mpaka ukingoni. "Jiko limepata dohani?"

Aliuchukua mkate, akatoka.

Kesho yake alianza na tindo na nyundo jua lilipochomoza. Hakuwahi kubomoa kazi yake, na sasa akajua waliomsifu hawakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Saruji ilimgomea. Kila jiwe lilishikamana na mwenzake kwa ile hasira aliyolijengea. Mchana mikono ilikuwa na malengelenge, na tundu lilikuwa la kupita paka. Alasiri, la kupita mtoto. Alipofikia msingi, upepo ulikuwa umekwisha kugeuka. Aliisikia baridi kabla hajanyanyuka: ikampita kwenye vifundo vya miguu, nyembamba kwanza, kisha pana, kama maji ya mfereji yaliyofunguliwa lango, ikashuka kwa dada.

Akaenda jikoni akawasha moto. Aliongeza kuni kuliko zinazohitajika kwa viazi viwili. Akarudi kwenye tundu, akauona moshi wake ukifuata baridi, ukipita, ukiteremka gizani. Alisimama pale akisikiliza. Alijua anasikiliza nini, na alijua hakuna tena wa kuitwa "wifi" upande huu wa mlima.

Chini, mlango ulifunguliwa. Mwanga wa taa ukatoka, na mtu akasimama ndani ya mwanga huo kwa muda wa mtu anayevuta pumzi mara tatu au nne. Kisha mlango ukafungwa.

Jalidi ilianguka siku ya tatu. Timazi alitoka mapema akakuta nyasi za upande wa juu wa nyumba ni nyeupe, zinavunjika chini ya kiatu. Alitembea kwenda kwenye miti kama anayekwenda kuambiwa habari mbaya. Maua yalikuwa yamefunguka. Yalikuwa na maji, si barafu. Aliligusa moja, akaligusa jingine, akaenda mti hadi mti, minne. Ule wa tano aliuwekea kiganja tu kwenye gogo.

Kisha akatazama kupitia tundu. Kule chini nusu ya matuta ilikuwa imefunikwa magunia. Nusu nyingine ilikuwa imelala, nyeusi. Dada alikuwa katikati yake amechuchumaa, aking'oa zilizokufa, akizitupa kwenye ndoo. Hakuinua kichwa. Baada ya muda aliinuka akaingia kwenye jiko lake la mkate, na jua lilipofika kwenye mawe, harufu ya mkate ikapanda, safari hii haikuruka ukuta, ilipita tunduni kama mlangoni.

Jioni hiyo hakuining'iniza timazi kwenye boriti ya mlango. Mawe aliyoyatoa ukutani alikuwa ameyapanga nje ya jiko, makubwa chini, madogo juu. Aliingia ndani, akaufunga uzi kwenye pao juu ya mafiga, mahali ambapo mkewe alikuwa akiinama, na akangoja mpaka risasi ikatulia kabisa. Sambamba na uzi huo alichora mstari kwa chaki ukutani, mahali pa kupitisha dohani. Akaegemeza ngazi, akapanda, akaweka tindo kwenye ukuta mweusi chini ya paa, akapiga.

Masizi ya miaka yote ile yalimmwagikia usoni na viganjani. Aliendelea kupiga mpaka tindo likatokea upande wa pili. Alipolichomoa, tundu lilikuwa la kupitishia kidole. Aliweka jicho lake hapo, akaona kipande cha anga, kidogo, chenye mwanga bado, na akageuka haraka kusema, halafu akabaki juu ya ngazi, kwani hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.